Maneno Yenye Pumzi

Majina yalikuwa manne, na la tatu lilikuwa la Beryl. Mwalimu Mwanaesha aliyaandika Alhamisi alasiri, kwa mwandiko wake uliolala upande, chini ya kichwa alichokipigia mstari kwa rula: Wa Kukariri, Darasa la Tatu, 1993. Orodha ilitakiwa mezani kwa mwalimu mkuu kesho yake, Ijumaa, kabla ya saa sita. Aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya kitabu cha mahudhurio, na neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kukariri. Nyumbani kwa nyanya yake, huko Kibokoni, hilo lilikuwa neno la heshima. Mtoto akiikariri juzuu yake bila kukwama, mamake hupika kaimati zikagawiwa nyumba hadi nyumba. Shuleni neno lilo hilo lilikuwa hukumu. Mtoto aliyekariri darasa hukaa mwaka mwingine kwenye dawati lile lile, magoti yakigonga mbao, akiimba na wadogo zake yale aliyoshindwa kuyaimba na rika lake. Mwanaesha alikuwa ameishi miaka arobaini na mmoja katikati ya maana hizo mbili, na hakuwahi kuziweka pamoja akazitazama.

Alijifunza kila alichokijua kwa sikio. Nyanya yake alikuwa na chuo cha Kurani cha watoto ukumbini mwa nyumba, watoto ishirini juu ya mkeka mmoja, na macho yake yote mawili yalikuwa yameshazibwa na mtoto wa jicho. Alimjua kila mwanafunzi kwa kikohozi na kwa mkokoto wa ndara zake. Watoto husoma wote kwa pamoja, kila mmoja mahali pake, sauti zimechanganyika kama soko, naye ameketi kimya, kisha ghafla akainua kidole: "Wewe, wa karibu na mlango! Umeruka neno." Na kweli limerukwa.

"Fumba mato, mwanangu," alikuwa akimwambia mjukuu wake. "Mato yana mengi ya kutaka. Sikio lataka moja tu."

Mwanaesha alifumba macho. Akafumba pia shule ya msingi, na sekondari, na alipofika chuo cha ualimu Shanzu akaona kuwa hawezi kuusoma ukurasa kwa kimya kama wenzake. Maneno yasipopita kinywani hayaingii. Ikawa jioni huteremka ufuoni na madaftari yake, akiyasomea mawimbi saikolojia ya mtoto kwa sauti, watalii wakimdhania mwendawazimu. Akafaulu. Akarudi kisiwani, akapewa darasa la tatu katika shule moja ya serikali, pale Mji wa Kale unapokutana na Makadara, na hapo akakaa miaka kumi na saba.

Darasa lake lilikuwa la kuimba. Jedwali la kuzidisha lilikuwa na tuni yake, miezi ya mwaka ina yake, mito ya Kenya ilipangwa kwa vina. Mwalimu Mwanaesha huandika ubaoni mara moja, upesi upesi, kisha hugeuka, huegemea meza, hufumba macho na kusema, "Haya!" Sauti arobaini na tano zikapanda. Watoto walimwita Mwalimu Fumba. Siku moja darasa zima lilimlia ubuyu wakati anasikiliza jedwali la sita; akainua kidole macho yamefumbwa vile vile: "Jamaldin, mbegu hizo usizitafune, utavunja meno." Tangu hapo wakaamini ana macho masikioni, naye, kwa siri, akaamini pia.

Wengi walifaulu mikononi mwake. Hao huwakumbuka kwa furaha. Lakini alikuwapo Nyevu, aliyekariri mara mbili akaacha shule, na siku hizi yuko Majengo akisuka mikeka ya marembo. Mwanaesha aliwahi kusimama barazani pake akamwangalia: ukindi mwekundu juu ya miyaa mitatu, chini ya mmoja, rudi, ruka miwili, bila kukosea na bila kufungua mdomo. Alitaka kumuuliza anahesabu vipi. Hakuuliza. Alinunua kitanga cha kuswalia akaenda zake.

Beryl alikuwa na miaka tisa, mwembamba, amekuja kutoka bara miaka miwili nyuma baada ya kufiwa na mamake. Mtihani wa mwisho wa mwaka alikuwa amepata kumi na saba kati ya hamsini. Mwaka huo mashine ya saiklostaili iliharibika, ikabidi walimu wa madarasa ya chini wawasomee watoto maswali kwa mdomo, nao waandike majibu tu. Walimu wengine walilalamika. Mwanaesha alishukuru. Aliona huo ndio mtihani hasa.

Alhamisi ile ile, wino wa orodha haujakauka vizuri, Joab, babake Beryl, alibisha mlangoni pa darasa. Alikuwa ametoka Kilindini moja kwa moja, vumbi la saruji bado limo nyusini.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, baba Beryl. Za kazini?"

"Za magunia. Mgongo ndio unajua." Alivua kofia, akaitazama kama kwamba si yake. "Nimesikia mtoto hajafanya vizuri."

"Orodha sijaipeleka bado. Lakini sitakuficha."

Joab alitikisa kichwa polepole. "Basi akikariri, nitampeleka nyumbani kwa mama yangu. Kuna basi kesho jioni hapo Mwembe Tayari, nimeshakata tikiti. Si hasira, mwalimu. Mimi natoka alfajiri, narudi giza limeingia. Nilimleta huku kwa sababu ya shule tu. Kama shule imemkataa, abaki Majengo afanye nini?"

"Shule haijamkataa."

"Neno lenu ni gumu. Nilimuuliza jirani, kukariri ni nini? Akasema ni kusema jambo lile lile tena na tena. Nikasema, basi huyu hataweza. Huyu hata mara ya kwanza hasemi."

"Nyumbani je, asema?"

"Nyumbani anachora. Kuta zote nyeusi kwa makaa. Mwenye nyumba atatufukuza." Karibu atabasamu, kisha akakumbuka kilichomleta, akavaa kofia yake. "Nitakuja kesho saa tisa, mwalimu, nimchukue na vitabu vyake."

Ijumaa mapumziko ya saa nne, Mwanaesha aliketi chumba cha walimu na karatasi ya Beryl mbele yake. Hakuwa akitafuta kitu. Alikuwa akiiaga. Mwalimu Kenneth wa darasa la nne, mtu wa Kakamega mwenye kicheko kikubwa, aliketi kando yake na kikombe cha chai na mahamri mawili, akachungulia.

"Huyu ndiye unaniletea mwakani?"

"Huyu hapandi."

"Hebu." Kenneth aliivuta karatasi kwa kidole kisicho na mafuta. Majibu yalikuwa na nambari tu, kwa hiyo alichukua pia daftari la maswali, akawa anasoma hiki na hiki. "Swali la tatu. Kaa hupatikana wapi? Jibu, baharini kwenye mawe. Umemkosesha?"

"Nimemkosesha. Niliuliza kaa, sikuuliza k'aa."

Kenneth aliacha kutafuna. "Rudia."

"Kaa. K'aa."

"Umesema kitu kimoja mara mbili, dada yangu."

"Kenneth, usinichezee leo. Kaa la jikoni, la moto. Na k'aa wa pwani, mwenye magando. Huyo wa pwani ana pumzi."

"Hata mimi nina pumzi. Sema tena."

Alisema tena. Kenneth aliinamisha kichwa, akalitega sikio kama mtu anayesikiliza saa iliyosimama. Kisha akatikisa kichwa, akaendelea kusoma. "Swali la tano. Taja kazi moja ya paa. Jibu..." Chai ilimpalia. "Kumkimbia simba!"

Walimu wengine waligeuka.

"Mwalimu, lakini hiyo ni kazi! Tena ni kazi ngumu! Ulitaka aandike nini?"

"Kuzuia mvua. Niliuliza paa la nyumba. Yule mnyama ni p'aa."

"Na hii, chungu hukaa wapi nyumbani? Kwenye kopo la sukari." Kenneth alijipangusa macho kwa leso. "Ngoja, usiniambie. Wa sukari ana pumzi, cha kupikia hakina."

"Ndivyo."

"Na tembo? Yule wa mwituni na lile la mnazi?"

"Wa mwituni ana pumzi. La kunywa halina."

"Hapo nakubali. Nani alilinywa akabaki na pumzi?"

Hata Mwanaesha alicheka, ingawa hakutaka. Lakini Kenneth alikuwa ameweka hamri lake chini. "Nikwambie kweli," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nina miaka kumi na mmoja hapa Mombasa. Kiswahili nimefaulu mitihani yote. Na haki ya Mungu, hiyo tofauti masikio yangu hayaioni. Niandike na mimi kwenye orodha yako. Nikariri."

Mwanaesha alivuta daftari la maswali. Alikuwa ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Alilitazama neno katika swali la tatu, na kwa mara ya kwanza maishani alijizuia kulisema moyoni. Alilitazama tu, kama mtu atazamavyo alama iliyopakwa ukutani. Herufi tatu. Hazikuwa na pumzi wala kukosa pumzi. Mtu angeweza kuzikodolea macho mpaka jioni, asijue kama ni za moto au za maji.

Hakukuwa na kosa katika majibu yale. Mtoto aliulizwa habari za kaa, akajibu habari za kaa.

Na mtoto mwenyewe, alikumbuka, huchora kuta kwa makaa. Angeshindwaje kujua yanakotoka?

Hapo likamjia jambo ambalo hakulikumbuka kwa miaka thelathini. Lamis, binti wa jirani, aliyezaliwa bara babake alikokuwa na duka, aliletwa chuoni akiwa mkubwa, na maneno yale yalimchanganya hivyo hivyo. Watoto walimcheka. Nyanya hakumwambia afumbe macho. Alimwita mbele, akakitafuta kitanga cha mkono wake kwa kupapasa, akakiweka mbele ya mdomo wake mwenyewe uliokwisha meno, akasema neno moja, kisha la pili. "Yasikize kwa mkono," alimwambia. Mwanaesha aliona yote hayo, akayaona ni mambo ya Lamis. Yeye hakuyahitaji. Katika mali yote ya nyanya yake alirithi kile kilichomtosha yeye, akadhani amerithi yote.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika ishirini na tano.

"Kenneth, nishikie darasa nusu saa."

"Nishike darasa zima la kuimba?"

"Waimbishe wimbo wowote. Nje."

Darasani alibaki na Beryl peke yake. Mtoto alisimama kando ya dawati, mikono nyuma, kama watoto wasimamavyo wakiwa wameshajua hukumu.

"Keti, mamangu. Nikuulize. Kwa nini huimbi na wenzako?"

"Naimba, mwalimu."

"Sijapata kukusikia."

Beryl aliangalia chini. "Midomo yangu huenda. Lakini wewe huwa umefumba macho."

"Na midomo ikienda, wewe wafanya nini?"

"Naangalia. Vile umeandika kwa ubao, kabla hujafumba. Halafu nakumbuka mahali imekaa." Alinyoosha kidole kwenye ubao mtupu. "Jedwali la saba ulianzia pale juu. Saba mara nane iko hapo chini, karibu na ile alama ya maji."

"Na ni ngapi?"

Mtoto aliutazama ubao usio na kitu kama mtu anayesoma. "Hamsini na sita."

Mwalimu Mwanaesha aligeuka akachukua chaki. Aliandika maswali ishirini, ya hesabu na ya lugha, kutoka yale aliyoyafunza mwaka mzima, bila kutamka hata moja. Na kukaa kimya kulimpa taabu, midomo ikawa inamcheza. Palipohitaji kueleweka aliweka mchoro. Alichora paa la nyumba.

Nyuma yake alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kutoka dawati lile. Beryl alikuwa akicheka, mkono mdomoni.

"Nini?"

"Mwalimu, hiyo ni kofia."

"Basi njoo uichore wewe, fundi!"

Beryl alikuja akaichora: makuti safu kwa safu, mpaka upenuni, na chini yake mlango ulio nusu wazi. Kisha akarudi mahali pake, akaandika. Mwanaesha aliketi akamtazama mwanafunzi akifikiri. Hilo nalo alikuwa hajapata kuliona. Siku zote alikuwa akilisikiliza. Mtoto alitazama juu, akatafuta kitu hewani, akakiona, akaandika. Kutoka uani ilisikika sauti ya Kenneth ikiongoza wimbo kwa tuni isiyokuwapo duniani.

Alikosa mawili kati ya ishirini, na moja katika hayo Mwanaesha mwenyewe aliliandika vibaya.

Alimwita mbele. Alikishika kitanga cha mkono wa mtoto, akakiweka mbele ya mdomo wake mwenyewe, akasema: "K'aa." Kisha: "Kaa."

Macho ya mtoto yalipanuka. "La kwanza limepuliza!"

"Huyo ndiye wa baharini. Sasa wewe."

Saa tano na nusu alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Chirau, mzee wa Kidigo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Orodha ilikuwa na jina moja lililofutwa.

"Huyu naomba nimtoe. Na hawa watatu waliobaki naomba unipe hadi Jumatatu, niwapime upya kwa maandishi."

"Mtihani ni mmoja kwa wote, Bi. Mwanaesha. Wewe ndiye uliyeusoma."

"Ndiyo tatizo lenyewe, bwana mkubwa. Umekuwa mtihani wa masikio yangu." Akamweleza habari ya kaa na paa.

Chirau alishangaa. "Lakini ni maneno mawili mbalimbali! Kwani kuna mtu asiyesikia?"

"Mwite Kenneth."

Kenneth aliitwa, akasimama katikati ya ofisi kama mshitakiwa, na mwalimu mkuu akamsemea maneno manane, mawili mawili, akimtaka aseme lipi ni lipi. Alipata matatu. Kwa kubahatisha, alisema, na Mungu ni shahidi. Chirau alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akacheka kidogo, kisha hakucheka.

"Miaka yote hii," alisema. Alichukua kalamu akaandika herufi za mwanzo za jina lake kando ya jina lililofutwa. "Jumatatu. Lakini uwapime saa mbili kamili, si saa nne."

Saa tisa Joab alikuwa langoni. Amevaa shati safi, na mkononi ana begi la turubai lililofungwa kamba. Alipomwona Mwanaesha anakuja na Beryl, aliliweka chini, akasimama wima.

"Kairudishe tikiti, baba Beryl. Amepita. Mwakani yuko darasa la nne."

Joab alitazama juu ya ukuta wa shule, upande ambako hakuna kitu cha kutazama, na kifua chake kikapanda na kushuka mara mbili. Kisha akaketi juu ya begi, mtu mzima yule, mbele za watu, kama mzigo uliomtoka mgongoni ndio uliokuwa ukimsimamisha.

"Si huruma, mwalimu?" aliuliza hatimaye. "Kwa sababu ya mamake?"

"Si huruma. Kosa lilikuwa langu. Hapa." Akagusa sikio lake.

"Baba, lete mkono," alisema Beryl. Aliuchukua mkono ule wa magunia, mgumu kama ubao, akauweka mbele ya kinywa chake. "K'aa. Kaa. Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"La kwanza limepuliza! Sasa wewe sema."

"Kaa," alisema Joab. "Kaa."

"Yote yametoka jikoni!" Na mtoto, ambaye hata mara ya kwanza alikuwa hasemi, akalisema tena, na tena, na tena, akiushika mkono wa babake, mpaka watoto waliokuwa wakitoka wakasimama kutazama, na Joab akawa anapuliza hovyo kama mtu anayewasha jiko, akicheka, machozi yakimchuruzika na yeye hayafuti.

Mwanaesha aliwaacha pale langoni. Alikuwa mwepesi hata akahisi njaa, njaa ya kweli, ya mtu aliyeacha kula tangu jana bila kujua. Kwenye pembe ya kuingilia Kibokoni alinunua kachiri za muhogo, akazila huku akitembea, jambo ambalo nyanya yake asingelikubali. Kesho, aliazimia, angekwenda Majengo, aketi barazani kwa Nyevu, na lile swali la jinsi anavyohesabu angeliuliza. Hakujua kama Nyevu angelijibu. Nyevu hakuwa na deni la kumjibu.

Lakini hiyo ilikuwa kesho. Kichochoroni, kutoka dirisha la juu, watoto wa chuo kimoja walikuwa wakisoma kwa sauti, wote kwa pamoja. Kwa mazoea ya umri wake wote Mwanaesha alisimama asikilize, na kope zikaanza kushuka. Akazizuia. Akainua uso, akatazama juu. Dirishani, nyuma ya nondo, mtoto mmoja wa kike alikuwa amekaa akichezesha midomo tu, naye akimtazama.

Mwanaesha alimpungia mkono.